Mwana ni wa Nani?

Wahenga wa pwani wameacha misemo miwili ambayo haijapata kupatana. Mmoja unasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wa pili unasema mkono mmoja haulei mwana. Wa kwanza unamweka mzazi mlangoni mwa elimu, na ulimwengu ukitajwa hutajwa kwa sauti ya kuonya. Wa pili unawaita majirani, wajomba, masheikhe na mji mzima waingie ndani. Kwa karne nyingi misemo hii ilikaa nyumba moja bila ya ugomvi, kwa sababu mikono iliyomlea mwana ilikuwa ni mikono inayojulikana kwa majina. Ugomvi ulizuka pale ulipojitokeza mkono mpya, usio jina wala ukoo, ulioshika daftari la mahudhurio.

Mkono huo ni wa serikali, na kwa upande wa Tanzania Bara nguvu zake zimo katika Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978. Kifungu chake cha 35 kinamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe skuli ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na kinamtwika mzazi au mlezi dhamana ya kuhakikisha hayo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeurefusha muda wa lazima kufikia miaka 10. Sheria haiulizi mtoto anajua nini. Inauliza ameandikishwa wapi. Asiyekuwemo daftarini huitwa mtoro, hata kama hajapata kuingia mahali pa kutoroka, na babake huitwa mbele ya mtendaji akajieleze.

Katika nchi za Magharibi ugomvi huu una sura nyengine. Huko mzazi anayeikataa skuli aghalabu ni msomi, mwenye kabati la vitabu na hoja za dini au za malezi. Ujerumani haimruhusu kumsomesha mwanawe nyumbani badala ya skuli, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imeuunga mkono msimamo huo mwaka 2006 na tena mwaka 2019. Marekani imekwenda njia ya pili: mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba wazazi wa Kiamish, wakulima wa dini wanaojitenga na mambo ya kisasa, wasilazimishwe kuwapeleka watoto wao skuli baada ya darasa la nane, na leo kila jimbo linaruhusu elimu ya nyumbani. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 halisaidii kuamua. Kifungu chake cha 26 kinasema mwanzoni kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima, na mwishoni kwamba wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Waliolitunga waliziweka kauli hizo mbili ubavu kwa ubavu, wakaondoka zao.

Singida ni mahali ambapo hoja hii inasimama bila ya kabati la vitabu, na kwa hiyo huonekana uchi. Mkoa huo umekaa katikati ya nchi, ardhi kavu ya mtama, uwele na alizeti. Wamo Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wanaolima na kufuga; wamo Wataturu na Wabarbaig wanaoyafuata malisho; na kaskazini, katika wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, upande wa mto Sibiti na ziwa Eyasi, wamo Wahadzabe katika kijiji cha Munguli na mapori yake. Ndugu zao wengine wako ng'ambo ya mipaka ya mkoa, Mbulu na Karatu na Meatu. Wote kwa jumla wanakisiwa kuwa watu elfu moja na ushei. Lugha yao ina vidoko kinywani na haina ndugu anayejulikana duniani.

Elimu ya nyumbani ya watu hawa haina haja ya kutetewa kwa maneno makubwa, yatosha kuelezwa. Mtoto wa Kihadzabe huanza kujitafutia sehemu ya chakula chake akiwa bado mdogo mno kwa macho ya mtu wa mji. Akiwa na miaka mitano au sita yumo kundini na wenzake, wakichuma matunda pori, wakipasua mabuyu, wakichimbua mizizi kwa kijiti kilichochongwa. Mvulana hupewa upinde wa kadiri ya mkono wake, na upinde hukua pamoja naye. Hujifunza kumjibu mlembe, ndege yule anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki na kungoja ujira wake wa nta. Hujifunza mti upi hutoa sumu ya mshale na upi hutoa kivuli tu. Hapana ratiba, hapana kiboko, na hapana mtihani isipokuwa njaa.

Hapo msomaji wa pwani anaweza kuuliza: je, hiyo ni elimu au ni mazoea ya kuishi? Julius Nyerere alilijibu suali hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipoeleza kwamba Waafrika wa kabla ya ukoloni hawakuwa watu wasio elimu kwa kuwa tu hawakuwa na skuli. Watoto wao walijifunza kwa kuishi na kutenda. Na huyu alijua alichokisema. Yeye mwenyewe, akiwa na ule umri wa miaka 7 ambao sheria ya mwaka 1978 iliyotungwa chini ya uongozi wake inaudai, alikuwa akichunga mifugo Butiama. Aliingia skuli ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Kwa kipimo cha sheria hiyo, miaka mitano ya utoto wa Baba wa Taifa ilikuwa ni ya utoro.

Lakini ni Nyerere huyo huyo, na chama chake, walioazimia Musoma mwezi wa Novemba 1974 kwamba kila mtoto awe skulini ifikapo 1977. Haikuwa ukinzani wa mtu asiyejua anachotaka. Ilikuwa ni hofu ya kiongozi aliyeona kwamba ulimwengu wa mchungaji umekwisha kuzungukwa, na kwamba mtoto atakayebaki nje ya skuli atatawaliwa na waliokuwemo ndani. Hofu hiyo ilikuwa na haki. Yaliyoharibika ni namna ya kuitekeleza, kwani mkono ulioleta skuli ndio ule ule ulioagiza mwaka 1973 kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Kwa Wahadzabe mambo hayo mawili hayakupata kutenganishwa. Walikwisha kupakiwa katika malori katikati ya miaka ya 1960 na kupelekwa kukaa Yaeda Chini. Waliugua, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi porini mmoja mmoja. Baba aliyeiona skuli kwa mara ya kwanza ikiwa imeambatana na lori hawezi kulaumiwa kwa kuidhania kuwa ni sehemu ya lori.

Liko jambo moja ambalo wanaobishana juu ya uhuru wa wazazi hawalitazami. Mabishano yote, ya Ulaya na ya Afrika, yanachukulia kwamba mzazi anamtawala mtoto, na kwamba kinachogombaniwa ni iwapo utawala huo uhamie serikalini. Kwa Wahadzabe dhana hiyo haina pa kushika. Wataalamu waliokaa nao, kuanzia James Woodburn mwishoni mwa miaka ya 1950, wameeleza jamii isiyo na chifu, ambamo mtu mzima hana amri juu ya mtu mzima mwenziwe, na ambamo hata mtoto huachiwa hiari kubwa kuliko inavyozoeleka kwa wakulima na wafugaji jirani. Mtoto asiyetaka kwenda haendi. Kwa hiyo serikali inapomtoza faini baba wa Kihadzabe kwa kutompeleka mwanawe skuli, haimnyang'anyi mamlaka yake. Inamwadhibu kwa kukosa mamlaka ambayo hajapata kuyadai. Inamtaka kwanza awe mfalme mdogo wa nyumbani, kisha autoe ufalme huo kwa mwalimu mkuu.

Wachungaji wa Kibarbaig na wakulima wa Kinyaturu hawako hivyo. Kwao baba ana sauti, na mara nyingi ni sauti hiyo inayosema mtoto huyu achunge, yule asome. Hapa hoja ya uhuru wa mzazi inakuwa nzito kubeba, kwani mtoto anayezuiliwa hazuiliwi kwa ajili ya elimu nyengine iliyo bora, bali kwa ajili ya ng'ombe. Na ni lazima kulitaja jambo lililo chungu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kiasi cha wanawake 31 katika kila 100 mkoani Singida walikuwa wamekeketwa. Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa ni maradhi ya watoto yaliyoitwa lawalawa, yaliyodaiwa kuponywa kwa kisu. Sheria ya mwaka 1998 ilipoharamisha kumkeketa binti wa chini ya miaka 18, wengi hawakuacha. Walihamishia kisu kwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, pasipo ngoma wala mashahidi. Anayesema kwamba mzazi aachiwe nyumba yake kabisa, asiingiliwe, na aitazame nyumba hiyo kwanza. Na anayesema kwamba sheria peke yake yatosha, naye aitazame nyumba hiyo hiyo, maana amri ilifika mpaka mlangoni tu, na kisu kikarudi chumbani.

Watu wa visiwani hawana haki ya kuyasikiliza haya kama habari za mbali. Skuli za serikali zilipoanzishwa Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini, wazazi wengi walizikimbia. Mwana alikuwa na chuo chake, na mwalimu wa chuoni alikabidhiwa mtoto kwa maneno na heshima zilizoelezwa vizuri na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli za mwaka 1903. Hata majina yanasimulia: skuli ni neno lililotoka kwa Mwingereza, na shule, kama isemwavyo Bara, ni la Mjerumani, lililokuwepo kabla ya yote mawili ni chuo. Wazazi waliogopa kwamba watoto watatolewa katika dini yao. Haukuwa ujinga. Serikali ya kikoloni iliwaita wagumu wa kuelewa, na mwisho wake ikalazimika kuiingiza Kurani katika masomo yake ndipo madawati yakajaa. Wasomi wa kiwango cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu na mkaguzi wa skuli kabla ya kuwa kadhi, walitoka katika mapatano hayo, mguu mmoja chuoni na mmoja skulini. Mtoto wa Unguja hakupatikana kwa faini. Alipatikana pale skuli ilipokubali kubadilika.

Na pwani hii ina ushahidi wake kwamba nyumba inaweza kuwa skuli kamili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa katika maradhi, na darasa hilo la mama kwa mwana limesomwa na vizazi visivyohesabika. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wapenzi wa ushairi huzitaja kazi hizi kwa fahari, nao wana haki. Ila inafaa kukumbuka upande wa pili wa fahari hiyo: kwa kila binti aliyekuwa na mama mwenye kalamu, walikuwepo mabinti wengi waliofungiwa ndani bila ya kalamu, kwa uhuru ule ule wa mzazi. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na wapo mabibi waliozeeka wakijuta kwamba baba zao hawakuwaruhusu kuingia. Zanzibar ilipotangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, hakuna aliyewauliza watoto wa kike iwapo uhuru wa baba zao umepunguzwa.

Jambo jengine linalomgusa mpenzi wa lugha ni lugha yenyewe. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete akiingia darasa la kwanza hukuta mwalimu akisema maneno ya nyumbani kwao. Mtoto wa Kihadzabe anayeingia darasa la kwanza Mkalama hukuta Kiswahili, na Kiswahili kwake ni lugha ya serikali, ya mtendaji na ya mgeni mwenye kamera. Kile ambacho kwa pwani ni maziwa ya mama, kule ni sare. Skuli za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, wala hakuna nafasi rasmi ya lugha nyengine za wenyeji. Sababu za umoja wa taifa zinajulikana na hazidharauliki. Lakini lugha yenye wasemaji elfu moja haihitaji adui ili ife. Inatosha watoto wake mia mbili wakae bweni kwa miaka saba, wakirudi likizo wakiona haya ya kupiga vidoko.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kuwaacha Wahadzabe na pori lao, na wapo wageni wengi wanaolipenda wazo hilo, hasa wanaokuja kupiga picha. Pori lakini haliwasubiri. Mashamba yamepanda, mifugo imeingia, wanyama wamepungua, na mibuyu haihami. Mwaka 2007 bonde la Yaeda lilikuwa karibu kukabidhiwa kampuni ya uwindaji ya wageni, na mpango huo ulivunjika baada ya kelele za wenyewe na za waliowaunga mkono. Mwaka 2011 Wahadzabe wa upande wa Mbulu walipata hati ya kimila ya ardhi yao, hekta zipatazo 20,000. Ile ilikuwa ni karatasi. Iliandikwa, ikasomwa, ikabishaniwa ofisini, ikatiwa muhuri. Mlembe hawezi kumwongoza mtu hadi kwenye karatasi kama hiyo. Asiyejua kusoma atategemea daima ukarimu wa anayejua, na historia ya ardhi Afrika ya Mashariki haionyeshi kwamba ukarimu huo ni mwingi.

Kwa hiyo pande zote mbili zina haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Lugha ya haki, hata hivyo, haitoshi, kwani haki ni kitu cha mtu kudai kwa ajili yake mwenyewe, na hapa wadai wote wawili wanadai kitu kilichomo katika mwili wa mtu wa tatu. Fikra ya pwani ina neno linalofaa zaidi, nalo ni amana. Mwenye amana anaishika bila ya kuimiliki. Ataulizwa alivyoitunza, na hawezi kuitumia kwa maslahi yake. Mzazi ana amana, na mtoto si ng'ombe wake wala si mchungaji wake wa bure. Serikali nayo ina amana, na mtoto si takwimu ya uandikishaji ya kupelekwa Dodoma. Tena wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, wanaofuatwa pwani yote hii, walipofika kwenye mgogoro wa wazazi walioachana, waliweka jambo la kushangaza: mtoto akifikia umri wa kupambanua, ambao aghalabu huhesabiwa kuwa miaka 7, huulizwa yeye mwenyewe anamchagua nani. Miaka 7 hiyo hiyo. Sheria ya elimu inamkamata mtoto katika umri ule ambao fiqhi inamfungulia mdomo.

Hakuna anayependekeza kwamba mtoto wa miaka 7 aamue peke yake iwapo asome. Lakini kumuuliza ni kitu chengine, na kunabadilisha suali. Mtoto aliyekimbia bweni Mkalama akatembea siku nzima kurudi kambini kwa mamake ametoa jibu, na jibu hilo mara nyingi halihusu kusoma. Linahusu umbali, na chakula asichokizoea, na kiboko, na wenziwe wa makabila mengine wanaomcheka. Hayo yote yanarekebishika bila ya kuigusa sheria hata kidogo.

Nyenzo zenyewe ziko. Mpango wa MEMKWA, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto walioikosa elimu ya msingi, ulithibitisha kwamba mtoto anaweza kusoma nje ya mkondo wa kawaida, kwa muda mfupi zaidi, akarudi katika mkondo huo. Vituo shikizi, ambavyo mwaka 2021 vilitengewa madarasa 3,000 nchini kote, vimekusudiwa hasa kumsogezea skuli mtoto aliye mbali. Hakuna kinachozuia kituo shikizi kimoja Munguli kikawa na msaidizi wa mwalimu anayesema Kihadzabe, mtu mzima wa pale pale, hata kama hana cheti. Hakuna kinachozuia siku moja ya wiki ikatolewa darasani, watoto wakaenda na wazee porini, na mwalimu akaenda nao akiwa mwanafunzi.

Kinachozuia, kama kipo, ni kalenda. Muhula hufunguliwa Januari kwa tarehe iliyopangwa mbali, moja kwa nchi nzima, kwa mvuvi wa Mafia na mchungaji wa Iramba sawasawa. Mbarbaig huhama ukame unapomwamuru, na Mhadzabe huifuata asali inapokuwepo, na vitu hivyo havijapata kuandikiwa waraka. Ofisi ya elimu ya wilaya iko Nduguti. Kutoka hapo hadi Munguli ni safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na mkaguzi akifika huanza kwa kulifungua daftari, huita majina, na mbele ya kila asiyeitika huweka alama.